Mistari Myeusi ya Profesa Wood



Mwaka 1997, nikiwa Kidato cha Tatu, tulifanya jaribio la kupinda kwa mwanga kwa kipande cha kioo na pini. Nukta tano za grafu yangu zilikaa juu ya mstari mnyoofu. Ya sita ilikataa. Nikaifuta kwa raba na kuichora pale ilipotakiwa. Nilipata alama zote. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtumishi wa serikali, nilitia sahihi taarifa ya visima ambamo kisima kibovu kilihesabiwa kizima. Mkono ulikuwa ule ule. Ndiyo maana napenda kuwasimulia habari hii.

Mwaka 1902 Robert Wood, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, alimulika mwanga mweupe juu ya sahani ya metali iliyochanjwa mistari mingi sambamba. Sahani ya namna hiyo huutawanya mwanga kuwa rangi za upinde wa mvua. Katikati ya rangi hizo Wood aliona mistari myeusi ambayo hakuitazamia. Hakuificha. Aliitangaza mwaka ule ule kama alivyoiona, ingawa hakuweza kuieleza.

Maelezo yalikawia. Lord Rayleigh alijaribu mwaka 1907, na Ugo Fano mwaka 1941. Mwaka 1957 Rufus Ritchie alionyesha kwamba elektroni za metali zinaweza kuyumba pamoja kama mawimbi juu ya uso wake. Mawimbi hayo siku hizi huitwa plasmoni. Mwanga wenye rangi na pembe inayowiana nayo humezwa, na mahali pake hubaki giza. Mwaka 1968, nchini Ujerumani, Andreas Otto kwa upande wake, na Erwin Kretschmann na Heinz Raether kwa upande wao, walipata njia ya kuyaamsha mawimbi hayo kwa mche wa kioo na metali. Tabaka la dhahabu linalofaa kwa kazi hiyo huwa na unene wa nanomita 50 hivi; unywele wa binadamu kwa kawaida huushinda zaidi ya mara 1,000.

Sasa faida ikaonekana. Giza lile huhama mara kitu chochote kinaponata juu ya metali. Mwaka 1983 Bo Liedberg, Claes Nylander na Ingemar Lundström, nchini Sweden, walilitumia kutambua gesi, na pia kuona kingamwili ikishikana na protini yake. Hivyo kile kilichokuwa fumbo kikawa kihisi, yaani chombo cha kunusa vitu visivyoonekana kwa macho.

Ulibaki ukubwa wa chombo. Wakati huo nyuzi za kioo, maarufu kwa jina la faiba, zilikwisha kukomaa: mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham walionyesha, nchini Uingereza, kwamba uchafu wa kioo ndio hasa unaoumeza mwanga, na mwaka 1970 kampuni ya Corning ya Marekani ikapata kioo safi cha kutosha. Basi mwaka 1993 Ralph Jorgenson na Sinclair Yee wa Chuo Kikuu cha Washington waliubambua unyuzi ganda lake kwa kipande kifupi, wakaupaka metali, wakapitisha mwanga mweupe. Rangi moja ilififia. Walipobadilisha kimiminika kilichouzunguka, ikafifia rangi nyingine. Ulikuwa ule ule mstari mweusi wa Wood, sasa katika unyuzi mwembamba unaoweza kutumbukizwa ndani ya kimiminika.

Kutoka 1902 hadi 1983 ni miaka 81. Wood alifariki mwaka 1955, kabla ya faida hiyo kuonekana. Lakini kama angeifuta mistari ile ili kazi yake ipendeze, waliomfuata wasingekuwa na la kuuliza.

Vijana wangu, nukta ya sita ikikataa, iacheni palepale na mwandike kando yake: "Hii sijaielewa." Pengine mtapunguziwa alama. Mimi sikupunguziwa, na wanakijiji wa kisima kile waliendelea kuchota maji mbali.