Zamu ya Nani?

Mara ya mwisho nilipokwenda Mwabungo bila kupiga simu kwanza, nilimkuta mama mdogo amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, leso imemwanguka mabegani, analia bila sauti. Ndani, nyanya alikuwa amelala ubavu, uso kaelekeza ukutani. Nikadhani amezidiwa. Kumbe sivyo.

"Nimemvuta mkono," mama mdogo akaniambia. "Nimemwambia geuka, nikamvuta kama gunia. Mamangu mzazi."

Nyanya amepita miaka 80. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo hawezi kujigeuza kitandani. Asipogeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, anaanza kutoka vidonda mgongoni. Na usiku pia unahesabiwa. Piga hesabu mwenyewe: mara 12 kwa siku, juu yake uji, pampasi, beseni la maji ya moto, dawa ya presha, na kukaa naye amalize hadithi ambayo ashaisimulia jana.

Mimi niko Mombasa. Natuma M-Pesa kila tarehe 5, sijawahi kukosa, na kusema kweli nilikuwa najiona mjukuu wa mfano. Siku hiyo nilivuka feri ya Likoni kurudi mjini na swali moja tu kichwani: hii kazi ilikuwaje ikawa ya mtu mmoja?

Kwa asiyepajua, Mwabungo ni kijiji cha Kwale. Ukipita Ukunda ukafuata barabara ya Lunga Lunga, unafika kabla ya Msambweni. Upande wa baharini kuna Galu na nyumba zake za kifahari, upande wa bara ni minazi na mihogo. Na ndani ya chumba cha nyanya, kwa wiki moja, wanapita wanawake watatu. Mama mdogo anamlea kwa radhi. Jirani yetu, mhudumu wa afya ya jamii, anakuja na begi lake la vifaa kumpima presha, kwa posho. Na binamu yangu, ambaye kazi yake ni kumuuguza mzee mmoja wa Kizungu huko Galu kwa mshahara, anakuja Jumapili. Wote watatu wanaosha, wanageuza, wanalisha. Kazi ni moja, majina matatu, na kila jina lina historia yake.

Tuanze na radhi, manake ndiyo kongwe. Maneno "radhi" na "kuridhika" yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Kwa hiyo ukimuuliza mlezi wa pwani kama ameridhika na kazi yake, lugha yenyewe ishamjibia nusu: anayemlea mzee anapata radhi, na mwenye radhi ameridhika. Muulize mama mdogo hata leo, atakwambia hawezi kuifanya kazi nyingine. Wala hadanganyi.

Lakini zamani radhi ilikuwa na watu wengi wa kugawana. Kwa jadi Mdigo alihesabu ukoo wake upande wa mama, na urithi ulitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, sio kwa mwana. Uislamu ulipoenea Udigoni, hasa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, sheria ya mirathi inayowataja watoto iligongana na ada hiyo, na watu wakashtakiana kwa minazi na mashamba. Wanahistoria wameandika sana kuhusu nani alirithi nini. Mimi naona swali la pili lililokaa chini ya hilo: nani alimwosha mzee? Mahali ambapo wapwa wana haki na watoto wana haki, wote pia wana deni. Mzee alikuwa na pande mbili za kudai. Binti akichoka, kuna mpwa. Mpwa akienda shamba, kuna mke mwenza, kuna wajukuu wanaocheza uani hatua tano tu kutoka kitandani. Hakuna aliyeandika ratiba, lakini zamu ilikuwepo.

Hebu tusiipake sukari enzi hiyo. Zamu yenyewe ilikuwa ya wanawake na wasichana. Wanaume walikuja kusalimia. Na si kila aliyemlea mzee alikuwa mtu wa ukoo. Kusini kidogo ya kwetu, Gazi, Wamazrui walikuwa na mashamba na watumwa, na kwenye nyumba za wenye mali pwani nzima, mjakazi ndiye aliyebeba maji na kuwahudumia wakubwa. Utumwa ulifutwa kisheria kwenye pwani ya Kenya mwaka 1907. Kwa hiyo mtu anayesema "zamani wazee walitunzwa kwa upendo", muulize: upendo wa nani, na mgongo wa nani?

Kilichoivunja zamu si uchoyo wa vijana, kama wazee wanavyopenda kusema. Ni kazi za mshahara. Bandari ya Mombasa iliwachukua wanaume. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kikachukua wengine mpaka kilipofungwa mwaka 1988. Halafu hoteli za Diani, kuanzia miaka ya 1960 na 1970, zikawachukua na wasichana pia. Cha kuchekesha, au cha kuliza, ni kwamba hotelini zamu iliandikwa. Asubuhi fulani, jioni fulani, ofu Jumanne. Binti wa Mwabungo alijua saa yake ya kuanza na saa yake ya kutoka kwa mgeni asiyemjua jina, lakini kwa mamake mzazi hapakuwa na karatasi ukutani.

Agosti 1997 ghasia za Likoni zikaua watu zaidi ya 100 na kufukuza maelfu makwao. Watalii wakapotea, hoteli zikafunga milango. Watu wakarudi vijijini. Mikono ilirejea, lakini mifuko ilikuwa mitupu, na mtu anayewaza unga wa kesho hana utulivu wa kumlisha mzee kijiko kwa kijiko.

Jina la pili, posho, lilizaliwa kwenye msiba. Novemba 1999 Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la taifa. Vitanda vya hospitali vilikuwa vimejaa, na wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Hapo ndipo neno "uuguzi wa nyumbani" lilipoingia kwenye mipango ya serikali na mashirika. Wanawake wa vijijini walifundishwa kuvaa glavu, kuosha vidonda, kumgeuza mgonjwa. Waliitwa wahudumu wa kujitolea. Wazo lenyewe lilikuwa na heshima zake: mkutano wa Alma-Ata wa 1978 ulishasema afya ianzie kwa jamii, sio kwenye hospitali kubwa. Lakini neno "kujitolea" likageuka kuwa bei. Waliojitolea waliendelea kujitolea miaka 20, na dawa za ukimwi zilipoanza kuwainua wagonjwa vitandani, waliobaki wamelala nyumba kwa nyumba ni wazee wa kiharusi, wa sukari, wa kusahau.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii karibu 100,000 nchi nzima, kila mmoja na begi lenye mashine ya presha, kipimo cha sukari na simu ya kuandikia taarifa. Posho ikapangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Kila mhudumu anakusudiwa kuwa na nyumba kama 100. Gawanya 5,000 kwa nyumba 100: shilingi 50 kwa nyumba kwa mwezi. Jirani yetu anaijua hesabu hiyo kwa miguu yake. Lakini pia anakwambia, bila kuulizwa, jinsi mzee fulani alivyoweza kukaa mwenyewe baada ya miezi ya mazoezi aliyomwonyesha, na uso wake unang'aa. Ameridhika na amechoka, mtu yule yule, siku ile ile.

Hili linawachanganya wengi. Sisi wa mjini tunadhani mtu anachoka kazi kwa sababu haipendi. Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika makala iliyolipa jina la kisomi jambo aliloliona kwenye kliniki ya bure. Mchana alikuwa na wagonjwa wake wa kulipa, usiku anakwenda kujitolea. Neno la Kiingereza alilotumia lina picha ya moto uliomaliza kuni zake ukabaki majivu. Na waliozimika pale hawakuwa wavivu. Walikuwa ndio waliojitoa zaidi. Christina Maslach na Susan Jackson wakaja mwaka 1981 na kipimo chenye sehemu tatu: kuishiwa nguvu, kuanza kumwona unayemhudumia kama kitu, na kuhisi kwamba kazi yako haileti chochote. Niliposoma ile ya pili, nikakumbuka gunia.

Ila kuna kasoro ndogo yenye maana kubwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipoufafanua uchovu huu, lilisema ni jambo la mahali pa kazi, lisitumike kwa sehemu nyingine za maisha. Sasa mama mdogo tumweke wapi? Hana mwajiri. Hana posho. Anachofanya kinaitwa wema. Kwa karatasi, wema hauchoshi.

Jina la tatu, mshahara, lina historia ya yaya na boi wa enzi za ukoloni, watu waliolala chumba cha uani na kuitwa kwa kengele. Binamu yangu ana nafuu kuliko hao. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa angalau siku moja ya kupumzika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Wazungu wastaafu wamekaa Diani na Galu miaka mingi, Wajerumani, Waswizi, Waingereza, na wengine wamezeeka hapa hapa, mbali na watoto wao. Wanaowageuza usiku ni mabinti zetu. Binamu anampenda mzee wake. Anajua chai yake, anajua hasira zake. Jumapili anapumzika, kwa mujibu wa sheria. Anashuka Mwabungo na kushika beseni la nyanya. Mapumziko yake ndiyo zamu yake.

Na sasa anasoma Kijerumani kwenye simu. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini Berlin mkataba wa kuruhusu wafanyakazi wenye ujuzi kwenda huko, na kozi za kulea wazee zimekuwa gumzo mijini. Simlaumu hata kidogo. Ila tazama mzunguko wenyewe: mzee wa Ujerumani anakuja Galu kutafuta jua na mlezi, binti wa Mwabungo anataka kwenda Ujerumani kutafuta mshahara, na mwisho wa mnyororo kuna mama mdogo kwenye ngazi ya mlango wa nyuma.

Serikali haikusahau wazee kwenye maandishi. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema mzee ana haki ya kupata matunzo na msaada kutoka kwa familia yake na kwa serikali. Tangu 2018 mpango wa Inua Jamii umefunguliwa kwa wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni pesa za nyanya, na zinasaidia pampasi. Lakini hakuna mstari wa mlezi. Serikali ikitamka "familia" inamaanisha mtu mmoja, na karibu kila mara mtu huyo ni mwanamke ambaye hakuhamia mjini.

Nilimpigia mama mdogo wiki ileile. Nikamwambia nitaongeza pesa. Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, pesa zako nazishukuru," akasema. "Lakini mimi sitaki pesa. Nataka Jumamosi."

Ndivyo kundi letu la WhatsApp la familia, ambalo kazi yake ilikuwa salamu za Ijumaa na michango, lilivyopata kazi mpya. Tuko wajukuu tisa kati ya Mombasa, Ukunda na Nairobi. Wanaume watano. Nilipoandika kwamba tugawane Jumamosi, kulitokea kimya ambacho hakijawahi kutokea tukiitisha harusi. Halafu mmoja akauliza kama mwanamume anaweza kumwosha nyanya. Mama mdogo akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Kumgeuza, kumlisha na kumfulia kunamshinda mwanamume gani?"

Jumamosi yangu ya kwanza niligundua sijui kumgeuza. Jirani yetu wa afya ya jamii alinionyesha: magoti yakunjwe kwanza, mkono mmoja begani na mwingine kwenye nyonga, halafu mwambie unachofanya kabla hujamgusa. Nyanya aliniangalia, akacheka upande mmoja wa uso, akauliza mamake mdogo wangu yuko wapi, yaani bintiye. Nikamwambia amekwenda Ukunda kwa rafiki yake. Akaridhika. Usiku niliamka saa nane, saa kumi, na saa kumi na mbili kasoro. Jumapili mgongo wangu haukunyooka, na hiyo ni siku moja.

Karatasi ya zamu sasa imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba, kwa mwandiko wa binamu. Jumamosi ya kwanza ina jina langu, ya tatu na ya nne zina watu. Ya pili bado iko wazi. Mwezi uliopita ilikuwa na jina, lakini mwenyewe hakutokea wala hakushika simu. Mama mdogo alikuwa ashavaa buibui na ameshika mkoba. Alikaa dakika 20 mlangoni akitazama barabara, kisha akavua buibui na kubandika uji.