Manowari ya Bomba Tatu na Mizinga Yake



Nchi nyingi zenye bahari zina desturi ya kuzihifadhi manowari zao za zamani. Waingereza wanayo Victory huko Portsmouth, merikebu ya matanga ambayo Nelson alifia ndani yake mwaka 1805. Katika mto Thames, mjini London, iko Belfast, manowari ya chuma iliyopigana katika Vita Kuu ya Pili, ambayo tangu mwaka 1971 imefanywa nyumba ya makumbusho. Wajapani nao wanayo Mikasa katika mji wa Yokosuka. Mtu hulipa kiingilio, akapanda ngazi, akaigusa mizinga, akaviona vitanda vya mabaharia jinsi vilivyobanana, kisha akarudi kwake na habari ya kusimulia.

Wanafunzi wetu wa ualimu hapa Korogwe walipozisoma habari hizo walituuliza kama nchi hizi zetu nazo zina manowari ya namna hiyo. Tuliwajibu kwamba iko, ila haikai mahali pamoja. Kiwiliwili chake kilizama katika matope ya Rufiji, mzinga wake mmoja uko Mombasa, mwingine uko Pretoria katika Afrika ya Kusini, na ngurumo ya mizinga yake ilisikiwa na watu wa upande wa kusini wa Handeni. Atakaye kuizuru hana budi kutembea. Basi likizo ilipofika tulifunga safari, walimu na wanafunzi, tukapita Muheza na Tanga, tukavuka mpaka pale Horohoro, tukafika Likoni, na kivuko kikatufikisha Mombasa.

Kabla ya kueleza tuliyoyaona huko, inafaa kwanza tuieleze manowari yenyewe.

Jina lake ni Königsberg. Ilishushwa majini mjini Kiel katika Ujerumani mwezi wa Desemba 1905, ikaanza kazi mwaka 1907. Urefu wake ulipita mita 115, mizinga yake mikubwa ilikuwa kumi, na mabaharia wake walizidi mia tatu. Mwezi wa Juni 1914 ilitia nanga Dar es Salaam, nahodha wake akiwa Max Looff. Wenyeji wa mji walitoka kuitazama, wakahesabu mabomba yake ya moshi, wakaiita manowari ya bomba tatu. Sisi twalipenda jina hilo kuliko lile la Kijerumani, kwa maana aliyelitunga aliisema meli kama alivyoiona kwa macho, wala hakujali imeitwaje na wenyewe.

Tarehe 31 Julai, siku chache kabla ya Uingereza na Ujerumani kuingia vitani, manowari hiyo iliondoka bandarini. Mwezi wa Agosti iliikamata meli ya biashara ya Kiingereza iitwayo City of Winchester katika bahari ya upande wa Arabuni, kisha ikaizamisha. Lakini kuzamisha meli moja hakukuipa faida kubwa, kwa kuwa shida yake ilikuwa makaa. Manowari za siku zile zilikula makaa kama moto ulavyo nyasi kavu. Kwa sababu hiyo, mwanzoni mwa Septemba, ilijificha katika delta ya Rufiji, mahali penye mikoko mingi na vijito vingi hata mgeni hajui kipi chatoka baharini na kipi charudi.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ilizuka mbele ya bandari ya Unguja. Huko ilikuwako manowari ya Kiingereza, Pegasus, imetulia katika kutengenezwa mitambo yake, haiwezi kuondoka. Königsberg iliipiga kwa mizinga kutoka mbali, mahali ambapo mizinga ya Pegasus haikuweza kufika, na siku ile ile Pegasus ilizama. Mabaharia zaidi ya thelathini walikufa, na wengi kati yao wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, karibu na mji.

Hata Königsberg yenyewe ilirudi Rufiji na ugonjwa wa mitambo. Vyuma vilivyoharibika vilifunguliwa, vikachukuliwa na watu kwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam, vikatengenezwa katika karakana, vikarudishwa kwa njia ile ile. Msomaji asipite haraka hapa. Meli ya vita iliyojengwa Kiel iliponywa kwa mabega ya wapagazi.

Mwisho wa Oktoba Waingereza waligundua maficho yake, wakaufunga mlango wa mto. Manowari zao kubwa hazikuweza kuingia kwa sababu maji ni machache. Walileta eropleni za kuitafuta kutoka juu, nazo ni katika eropleni za kwanza kabisa kuruka katika pwani hii. Wajerumani nao walituma meli ya kuiletea makaa, ikijifanya ya Denimaki. Meli hiyo ilifika mwezi wa Aprili 1915 katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa na manowari ya Kiingereza ikawaka moto. Makaa hayakufika Rufiji. Bunduki na risasi nyingi, lakini, ziliokolewa kutoka maji, na watu wa pwani yetu hii ya Tanga ndio waliotumiwa kuzichukua.

Mwishowe Waingereza walileta manowari mbili fupi zenye tumbo pana, Severn na Mersey, ambazo zilijengwa kwa ajili ya mito ya Brazili na zaweza kupita penye maji haba. Zilivutwa na meli nyingine kutoka Malta mpaka Mafia, safari ndefu mno kwa vyombo vya namna ile. Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia mtoni, zikapigana siku nzima bila kushinda. Tarehe 11 Julai ziliingia tena, na eropleni juu ikiwaonyesha wapiga mizinga makombora yanaangukia wapi. Siku hiyo Königsberg ilishindwa. Nahodha Looff, aliyejeruhiwa, aliamuru ipasuliwe kwa baruti ili isitekwe.

Hapo hadithi za meli nyingi hukoma, lakini hii haikukoma. Baada ya siku si nyingi mizinga yote kumi ilitolewa majini. Ikavutwa mpaka Dar es Salaam, mafundi wa karakana wakaitengenezea magurudumu, na mabaharia waliosalia wakageuka kuwa askari wa nchi kavu. Mzinga mmoja uliwekwa juu ya meli Graf von Götzen katika ziwa Tanganyika, meli ambayo baadaye ilitolewa kilindini ikapewa jina la Liemba. Mwingine ulipelekwa Mwanza. Mwingine ulipigana Kahe, chini ya Kilimanjaro, mwezi wa Machi 1916, kisha Wajerumani wenyewe wakauvunja walipokimbia.

Sasa turudi Mombasa. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno tangu mwaka 1593, ilikuwa gereza kwa miaka mingi, na sasa ni nyumba ya makumbusho. Huko ndiko tulikouona mzinga wa Königsberg. Ni chuma kirefu, kizito, kilicholiwa kidogo na chumvi ya upepo. Karibu nao umewekwa mzinga wa Pegasus. Mizinga hii miwili ilipigana alfajiri ile ya Unguja. Na ule wa Pegasus nao ulitolewa majini, kwa kuwa Waingereza waliiokoa mizinga ya meli yao, na baadhi yake ikatiwa magurudumu kama ya Wajerumani. Leo watoto wa Mombasa hupanda juu yake wapigwe picha, wala hakuna awakatazaye. Baadhi yetu waliona jambo hilo si adabu. Wengine walisema hakuna kazi bora kwa mzinga kuliko hiyo, nasi tuliwaunga mkono.

Mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa Handeni, hakupanda. Alisimama penye kinywa cha mzinga, akatuuliza uzito wake. Tulimwambia kwamba chuma cha mdomo peke yake, bila kigari, chafika kama kilo 1,500. Na kombora moja, bila shaba yake, ni kama kilo 17, na mzinga hulitupa karibu maili nane. Akafikiri kidogo, akasema: “Basi, walimu wangu, ng'ombe hawakuuvuta katika nchi yenye mbung'o.”

Alisema kweli. Katika nchi ya mbung'o punda, farasi na ng'ombe hufa, na katika vita ile walikufa kwa maelfu. Kilichobaki ni watu na kamba.

Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliteremka kufuata reli ya Usambara na mto Pangani. Yaliishika Mombo, yakaishika Korogwe, na kabla mwezi haujaisha yalikwisha kuishika Handeni. Wajerumani walikuwa wamejenga njia ya vigari kutoka Mombo mpaka Handeni, reli nyembamba ambayo vigari vyake vilisukumwa kwa mikono, ili mizigo ya reli ya Tanga iweze kuelekea reli ya kati. Mpaka leo wako watu wa huku wanaodhani kwamba Handeni haikupata kuwa na reli ya namna yoyote. Ilikuwako, nayo injini yake ilikuwa mtu.

Tarehe 24 Juni palipiganwa katika mto Lukigura, kusini ya Handeni. Wajerumani wakarudi nyuma kwenye milima ya Nguru, na Waingereza wakapiga kambi mahali paitwapo Msiha. Hapo walikaa zaidi ya mwezi mmoja, chakula kikiwa haba kwa sababu njia ya kurudi relini ilikuwa ndefu, na homa ikiwaangusha kila siku. Na hapo ndipo mizinga ya manowari ya bomba tatu ilipowafikia. Ilifichwa katika miteremko ya milima, ikatupa makombora kambini mchana kweupe, wala mizinga midogo ya Waingereza haikuweza kuijibu. Askari waliibandika kambi ile jina la Kambi ya Makombora. Mzinga uliotengenezwa kwa kupigana baharini ulikuwa unapiga watu porini, mwendo wa siku nyingi kutoka pwani, na kila hatua ya njia yake ilikuwa imevutwa na mtu.

Mizinga hiyo iliendelea kuvutwa kuelekea kusini na kuharibiwa mmoja mmoja, hata mwaka 1917 haukubaki wa kupiga. Kiwiliwili cha manowari kilikaa Rufiji kimelala ubavu. Wauza vyuma wakakikata kidogo kidogo, na katika miaka ya 1960 kilichosalia kikazama.

Habari za Looff, za Smuts, na za nahodha wa kila manowari zimeandikwa vitabuni. Habari za wapagazi ni idadi tu. Wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa katika kuwachukulia Waingereza mizigo peke yao walikaribia laki moja, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Wale wa Wajerumani hawakuhesabiwa vema. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam ulipata jina lake kwao, nayo sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927 yawataja pamoja na askari. Hata hivyo aliyesimamishwa juu ya jiwe ni mwenye bunduki. Mwenye mzigo hayupo, nasi hatukuona haki hapo.

Yule mwanafunzi alitueleza njiani kwamba babu wa baba yake alishikwa na Wajerumani kuchukua mizigo, akatoroka, akarudi kwake, akakuta Waingereza wamekwisha kufika, wakamshika nao. Alirudi kijijini baada ya vita akiwa na bega moja limeshuka. Nyumbani mwao hapana sanamu wala karatasi. Liko bega hilo tu, ambalo wazee husimulia.

Tangu siku hiyo chuo kina daftari. Wanafunzi wa Handeni na wa Korogwe waendapo likizo huwauliza wazee majina ya waliochukuliwa mizigo katika vita ile, mahali walipotoka, na kama walirudi. Majina yaliyopatikana si mengi. Mengine ni jina moja tu bila la baba, na penye mahali pa kufa pameandikwa “kusini.” Msomaji wa Kilindi, wa Mswaki, wa Magamba au wa Mombo aliye na jina la babu wa namna hiyo, na ampe mwalimu wa shule iliyo karibu naye, tulitie daftarini.