Nyumba za kioo za Eichler na ugomvi wa majirani

Nyumba ya Zimmerman, iliyosanifiwa na Craig Ellwood mjini Los Angeles mwaka 1950, ilibomolewa mwaka 2024 ili mwigizaji wa sinema ajengewe jumba kubwa. Wapenda usanifu walilia. Ajabu ni kwamba wasanifu wa California bado wanapata wateja wanaotaka nyumba mpya za mtindo uleule: paa bapa, maboriti yaliyoachwa wazi, ukuta wa kioo unaotazama bustani. Jina linalotajwa sana ni la mjenzi Joseph Eichler.

Eichler hakuwa msanifu. Alishika hesabu za biashara ya siagi na mayai ya ukweni kwake, akapanga nyumba iliyosanifiwa na Frank Lloyd Wright huko Hillsborough, ikamkolea. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliajiri wasanifu na kujengea watu wa kipato cha kati nyumba zipatazo 11,000. Mabomba ya maji moto ya kupasha nyumba joto yalilazwa ndani ya zege la sakafu. Upande wa barabarani ukuta ulikuwa mtupu, na nyingi zilikuwa na ua wa ndani usiofunikwa, kama nyumba za mawe za Lamu.

Lakini kilichomtofautisha na wajenzi wenzake hakikuwa kioo. Zama hizo Wamarekani Weusi walifungiwa nje ya mitaa mipya. Eichler alimuuzia yeyote aliyemudu bei. Mwanawe Ned, aliyefanya kazi naye, alisimulia jinsi majirani Weupe walivyokuja juu, wakidai thamani ya nyumba zao itaporomoka. Mzee hakubembeleza: asiyetaka kukaa na Mweusi arudishe nyumba, yeye atainunua. Kama bei zingeanguka kweli, wa kwanza kuumia angekuwa yeye, mwenye nyumba tele za kuuza. Mwaka 1958, chama cha taifa cha wajenzi wa nyumba kilipokataa kuunga mkono sera ya kutobagua, alijitoa.

Kampuni ilifilisika mwaka 1967. Mwenyewe alifariki 1974. Mitaa yake miwili ya Palo Alto, Green Gables na Greenmeadow, iliingizwa mwaka 2005 katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria, na nyumba zake mjini humo sasa zinauzwa kwa mamilioni ya dola. Mtu wa kipato cha kati wa leo hazimudu. Matangazo ya nyumba mpya za kuiga mtindo huo yanasifu mbao na kioo; mkasa wa 1958 hayautaji.