MABOKSI NA VITABU VYA MICHEZO YA KOMPYUTA: TULICHOPOTEZA NA TUNACHOWEZA KUKIOKOA



Ndugu wazazi, walimu wenzetu na wanafunzi wapenzi. Kwanza tunamshukuru Allah Subhaanahu wa Ta'ala kwa kutukutanisha tena katika ukurasa huu. Mara nyingi hapa tunaeleza historia ya maulamaa, ya bandari zetu na ya vyuo vyetu. Leo tumechagua historia ambayo baadhi yenu mtashangaa kuiona imeandikwa na mwalimu wa chuo, nayo ni historia ya maboksi na vitabu vya maelezo vya michezo ya kompyuta ya zamani. Tunawaomba mtuvumilie mpaka mwisho, kwani mwisho wake umo majumbani mwetu.

Sababu yake ni swali la mwanafunzi. Jioni moja baada ya sala ya Alasiri, vijana walikuwa barazani wameinamia simu moja wakicheza mchezo. Tukawaambia kwamba zamani mchezo kama huo ulikuwa ukiuzwa ndani ya boksi kubwa, pamoja na kitabu cha kusomwa kwanza. Wakacheka. Mmoja akauliza, "Mwalimu, kitabu cha nini? Si unabonyeza tu?"

Tulimjibu kwa kifupi siku ile. Leo tunamjibu kwa urefu.

BOKSI LILILOFIKA BILA KOMPYUTA

Katikati ya miaka ya 1990, sisi tukiwa na umri wa vijana hao huko Mocímboa da Praia, jamaa yetu mmoja alirudi kutoka Dar es Salaam. Alikuwa akifanya usafi katika ofisi moja, na siku moja ofisi ilipotupa vitu vyake vya zamani yeye akaokota boksi moja zuri na kutuletea. Ndani yake mlikuwa na diski mbili, ramani iliyokunjwa, na kitabu kinene cha Kiingereza kilichoeleza mchezo wa kujenga mji.

Kompyuta hatukuwa nayo. Mtaani kwetu hata umeme haukuwepo. Shuleni tulisoma Kireno, na Kiingereza alikijua kidogo mwenzetu mmoja tu aliyewahi kusoma Mtwara. Basi tukawa tunakaa chini ya mwembe, yeye anasoma, sisi tunauliza. Tulijifunza kwamba mji unahitaji maji kabla ya majumba, kwamba kodi ikizidi watu wanahama, na kwamba barabara bila soko ni hasara. Kitabu tulikisoma mpaka kikachanika, na zile diski mpaka leo hatujazitia katika mashine yoyote. Mchezo hatukuucheza, lakini tuliufahamu.

KWA NINI ZAMANI ZILIWEKWA BIDII ZOTE HIZO?

Wengi hudhani maboksi yale yalikuwa mapambo tu. La hasha! Yalikuwa na sababu.

Mwanzoni kabisa, kuelekea mwaka 1980, michezo mingi ya kompyuta za nyumbani huko Marekani iliuzwa katika mifuko ya plastiki, ndani mna diski na karatasi iliyochapwa kwa bei nafuu. Kisha zikaja kampuni zilizotaka kusimulia visa virefu, na hapo tatizo likajitokeza. Diski moja ya kompyuta ya Apple II ilibeba takriban kilobaiti 140 tu. Picha moja ya simu ya leo ni kubwa kuliko diski hiyo mara nyingi.

Kampuni ya Infocom ya Massachusetts ilipotengeneza mchezo wa upelelezi uitwao Deadline mwaka 1982, maneno yote hayakuenea katika diski. Wakaamua kuyatia ndani ya boksi. Mnunuzi alipofungua alikuta faili kama la polisi: mahojiano ya mashahidi, taarifa ya maabara, hata vidonge vya bandia kama ushahidi. Watu walipenda sana, na kampuni ikaendelea na desturi hiyo.

Mwaka huohuo wa 1982 Richard Garriott alitoa Ultima II, naye alitaka ramani ya kitambaa iwemo ndani ya boksi. Sisi watu wa pwani ya kapulana tunafahamu vizuri kwamba kitambaa hakichaniki haraka kama karatasi! Huko Uingereza mwaka 1984, vijana wawili, Ian Bell na David Braben, walitoa mchezo uitwao Elite kwa kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Kwa kuwa mashine ilikuwa ndogo, boksi lilikuja na kitabu cha maelezo pamoja na hadithi nzima iliyoandikwa na mtunzi Robert Holdstock. Na mchezo wa Civilization wa Sid Meier, uliotoka mwaka 1991, ulikuwa na kitabu kinene, kilichoandikwa na Bruce Shelley.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kitabu kile kilikuwa nusu ya mchezo. Nusu moja ilikaa katika diski, na nusu ya pili ikakaa mkononi mwa msomaji.

KITABU KAMA UFUNGUO

Kulikuwa na sababu ya pili, nayo ni wizi. Diski ilinakiliwa kwa dakika chache, lakini kitabu cha kurasa mia kukinakili kilikuwa taabu. Ndipo watengenezaji wakafanya kitabu kuwa ufunguo. Katika Prince of Persia, kwenye toleo la mwaka 1990 la kompyuta za DOS, mchezaji aliambiwa atafute ukurasa fulani, mstari fulani na neno fulani katika kitabu, kisha achague herufi ya kwanza ya neno hilo. Asiye na kitabu hakupita.

Kisa cha ajabu zaidi ni cha StarTropics wa kampuni ya Nintendo, mwaka 1990. Ndani ya boksi mlikuwa na barua ya karatasi. Ukifika mahali fulani mchezo unakuambia uichovye barua hiyo majini, na ukifanya hivyo inatokeza namba 747, ambayo ndiyo ya kuendelea nayo. Sasa fikiria mtoto aliyeukodi mchezo dukani au kuununua mkononi mwa mtu, bila boksi. Mashine nzima, mchezo mzima, lakini anakwama njiani kwa kukosa kipande cha karatasi!

Tukiweke kisa hiki akilini, tutakirudia.

SISI TULIPATA MICHEZO BILA VITABU

Hapa kwetu, kuanzia Palma mpaka Pemba, na kwa ndugu zetu wa Mtwara na Zanzibar pia, watoto wengi waliijua michezo kupitia mashine za bei nafuu za kuunganisha na televisheni. Mashuhuri kati yake ni PolyStation, yenye umbo la PlayStation kwa nje, lakini ndani ni nakala ya mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Kaseti zake ziliandikwa kwamba zina michezo 9999. Ukihesabu, michezo ni michache tu, inajirudia kwa majina mbalimbali!

Hapa tuwe waadilifu, tusisifu kila boksi kwa kuwa ni la zamani. Boksi linaweza kusema uongo, na sisi tunajua hukumu ya ghishi katika biashara. Hata kampuni kubwa zilikosea. Atari ilitoa mchezo wa E.T. mwaka 1982 katika boksi la kuvutia, mchezo wenyewe ukawachosha wanunuzi, na mwaka 1983 shehena ya bidhaa zake zisizouzika ikafukiwa jangwani huko Alamogordo, New Mexico. Walipofukua mwaka 2014 walikuta kaseti na maboksi yaliyobondeka. Kwa hivyo tunachokisifu ni maelezo ya kweli yanayofuatana na kitu. Uzuri wa karatasi peke yake hautoshi.

VITABU VILIVYOTOWEKA

Diski za CD zilipoenea katika miaka ya 1990, nafasi ikawa tele, na maelezo yakahamia ndani ya mchezo wenyewe. Kufikia mwaka 2000 na kidogo baadaye, maboksi makubwa yakabadilishwa kwa kasha dogo la plastiki. Septemba 2003 kampuni ya Valve ikaanzisha Steam, na baada ya muda watu wakazoea kununua mchezo kwa intaneti bila kugusa chochote. Mwaka 2010 Ubisoft ikatangaza kuacha kuchapisha vitabu vya maelezo, na mwaka 2011 Electronic Arts nayo ikafuata.

Faida zipo, tusizikatae. Bei ya uchapaji iliondoka, na karatasi haikupotea bure. Lakini matokeo yake yameonekana. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilichunguza michezo iliyotoka nchini humo kabla ya mwaka 2010, ikakuta asilimia 87 haipatikani tena madukani. Iliyobaki hai inabaki kwa sababu watu wa kawaida walihifadhi diski, na pia boksi na kitabu.

WAZEE WETU WALIJUA

Ndugu wapenzi, jambo hili halikuanza na kompyuta. Angalieni miswada ya kale ya Kiislamu. Jalada lake lina ulimi unaokunjwa kufunika kurasa zisiingie vumbi. Chini ya ukurasa huandikwa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili kurasa zikitawanyika mtu aweze kuzipanga upya. Pembeni mna hawamish za kufafanua. Na mwisho mwandishi huandika jina lake na tarehe aliyomaliza. Huko Siyu katika kisiwa cha Pate, palipokuwa mashuhuri kwa kunakili Misahafu katika karne ya 18 na ya 19, kazi hii ilifikia upeo wa uzuri. Waliandika kwa ajili ya msomaji ambaye hawatamwona.

Na hapa kwetu pia, katika karne ya 19 watawala wa pwani hii walikuwa wakiwaandikia Wareno barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nyingine zimehifadhiwa mpaka leo katika Nyaraka za Kihistoria za Msumbiji, Maputo. Lakini ni vijana wangapi wa Cabo Delgado wanaoweza kuzisoma? Msahafu wanausoma, alhamdulillah. Ukiwapa Kiswahili kwa herufi zilezile, wanakwama kama yule mtoto wa StarTropics. Barua ipo, ila wao hawana ufunguo wake.

BOKSI LILEILE

Sasa turudi kwenye boksi letu. Kitabu cha mchezo kilipochakaa, mama yetu alilipenda boksi kwa uimara wake, akatia ndani karatasi za marehemu babu. Likakaa juu ya kabati zaidi ya miaka 20.

Mnakumbuka yaliyotokea. Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa kwa mara ya kwanza, na Agosti 2020 mji ukatekwa, mpaka Agosti 2021 ulipokombolewa. Watu karibu milioni moja wa mkoa wetu walikuja kuyahama makazi yao. Mwaka huo wa 2020 maelfu waliteremka kwa mashua katika ufukwe wa Paquitequete, Pemba, na mama yetu alikuwa mmoja wao. Televisheni aliiacha. Vyombo aliviacha. Boksi alilifunga kwa kapulana akalipakata njia nzima, siku tatu baharini.

Tulipolifungua karatasi zilikuwa na unyevu, lakini wino ulisalimika. Tukampelekea mzee mmoja ajuaye kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Alisoma kwa sauti, nasi tukalia. Ilikuwa hesabu ya minazi: fulani kumi na miwili, fulani saba, fulani ameuza kwa fulani. Tukamuuliza, "Shehe, hawa ni akina nani? Na shamba lenyewe liko wapi?" Akatazama tena, akasema, "Wanangu, mimi nimesoma kilichoandikwa. Hilo halikuandikwa."

Babu aliandika kwa ajili yake mwenyewe. Yeye aliwajua wote, hivyo hakuona haja ya kueleza. Walioweza kutueleza wametangulia mbele ya haki. Minazi labda bado imesimama, na sisi hatujui ni ipi.

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba karatasi nayo hufa kama simu, ikiwa haina maelezo ya kumwongoza asiyekuwepo.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila familia iwe na boksi au mfuko wa plastiki usiopitisha maji, wenye karatasi za ukoo: vyeti, barua, hati za ardhi, picha. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kimetufundisha habari ya maji.

Pili, kila picha na kila karatasi iandikiwe maelezo: nani, wapi, mwaka gani, na aliyeandika ni nani. Kwa picha tumieni penseli, nyuma yake. Zilizomo ndani ya simu ziandikiwe katika daftari.

Tatu, wazee waulizwe sasa. Msingoje Idi.

Nne, hii ni kazi ya wanafunzi wetu. Kila mmoja achague kitu kimoja cha nyumbani kwao, jarife la babu, mbuzi ya kukunia nazi, au hata mchezo wa simuni, akiandikie kitabu kidogo cha maelezo, kana kwamba msomaji hajawahi kukiona na hana wa kumuuliza. Mwezi ujao inshaallah tutavisoma pamoja barazani.

Yule kijana aliyeuliza "kitabu cha nini" ameshaanza. Amechagua karatasi ya minazi. Anamfuata mama yetu kila Ijumaa na daftari lake, na wiki iliyopita jina moja kati ya yale limepatikana.