Mikono ya falaji, kebo za swichi

Maji ya Falaj Daris, moja ya falaji (mifereji ya umwagiliaji) za Omani, yanayofika kwenye mitende ya Nizwa hukusanywa chini ya ardhi na mikono miwili, mkubwa na mdogo, inayokutana kwenye mfereji mmoja. Waarabu huita mikono hiyo sawaid. Falaj al-Malki ya Izki ina mikono 17. Zote mbili, pamoja na al-Khatmain ya Birkat al-Mawz na al-Jaila ya Sur, zimo kati ya falaji tano za Omani zilizoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Faida ya mikono mingi ndiyo shida yake. Mmoja ukiziba, mfereji haukauki, unapungua tu. Anayegundua kwanza ni mwenye zamu: athari yake, nusu saa ya maji, inakwisha na shina la mwisho bado kavu. Hapo ndipo walipoitwa Awamir, kabila lenye sifa ya kuchimba na kusafisha falaji, wakashuka shimo kwa shimo hadi kuupata mkono uliofukiwa.

Mafundi wa mtandao waliirithi taabu hii bila kushika jembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Kalpana ya California ilifunga kebo kadhaa kati ya swichi mbili, vifaa vinavyounganisha kompyuta, ziwe kundi linalohesabika njia moja, na mwaka 1994 ikanunuliwa na Cisco. Machi 2000 ukaja utaratibu wa pamoja, 802.3ad, uliozipa swichi za kampuni tofauti salamu moja, LACP. Kila sekunde 30, au kila sekunde moja zikiamriwa hivyo, swichi hupeana salamu. Tatu zikikosekana, kebo hiyo hutolewa kundini.

Salamu hizo zina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kundi likifungwa bila salamu, kebo iliyokufa upande mmoja huweza kuendelea kuwaka taa, na data inayopangiwa njia hiyo ikapotea. Baadhi ya watu wanalalamika, wengine wanafanya kazi kama kawaida, kwa sababu kila mazungumzo hupangiwa kebo moja ili vipande vifike kwa mpangilio. Ndiyo maana pia kebo nne haziharakishi faili moja mara nne.

Fundi makini haridhiki na jumla ya kundi. Hufungua hesabu za kila tundu, ncha hii na ile, akitafuta kebo inayotuma bila kupokea.