Chunusi na Marhamu ya Zebaki

Msomaji, huenda asubuhi ya leo ulijitazama katika kioo, ukaona kipele kipya juu ya paji la uso, ukahuzunika. Katika lugha yetu neno chunusi lina maana mbili: ni kipele hicho, tena ni jini wa majini ambaye husemwa kuwa huvuta waogaji wakazama. Vijana wengi wamemwogopa wa kwanza kuliko wa pili, na hofu hiyo imeleta maafa ambayo nataka kukusimulia.

Kwanza tukijue kipele chenyewe. Kila unywele mdogo wa uso huota katika kitundu, na kando ya kitundu pana tezi itoayo mafuta ya kulainisha ngozi. Mtu abalehepo, homoni huamsha tezi hizo, mafuta yakazidi. Chembe za ngozi iliyokufa hunata katika mafuta hayo zikaziba mlango. Kizibo kilicho wazi huonekana cheusi, na watu husema ni uchafu. Sivyo; weusi ule ni rangi ya ngozi na mafuta yaliyobadilishwa na hewa. Nyuma ya kizibo, vijidudu vinavyoishi siku zote katika ngozi husitawi, mwili nao hupambana, ndipo huja uvimbe, maumivu na usaha. Basi ajisuguaye kwa sabuni kali mara tano kwa siku anafua nguo isiyo na taka. Naye akiminyaye kipele huacha doa ambalo, katika ngozi nyeusi kama zetu, aghalabu hudumu miezi mingi.

Sasa njoo usimame nami Kambu, katika Makueni, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, kati ya Makindu na Mtito Andei. Bidhaa za dunia hupita hapo usiku na mchana. Miongoni mwa bidhaa zilizokuwa zikiuzwa Kenya wakati wa miaka ya mwanzo ya uhuru zilikuwamo marhamu za kung'arisha uso zilizotiwa zebaki. Zebaki ni dawa ya kale ya ngozi huko Ulaya: huua vijidudu, tena huzuia ngozi isitengeneze rangi yake. Kwa hiyo humdanganya mtu mara mbili. Vipele huweza kupungua, na madoa yakafifia. Lakini zebaki hupenya ngozi, huingia katika damu, na hukaa katika figo.

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitangaza katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za wagonjwa 60, watu wazima, wenye maradhi ya figo yavimbishayo mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakijipaka marhamu hizo. Fikiri, msomaji: mtu ataka kufuta doa shavuni, naye analipa kwa figo! Mwaka 1998 serikali ya Kenya ilipiga marufuku vipodozi vya zebaki, na mwaka 2013 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Minamata, huko Japani, wa kupunguza matumizi ya zebaki duniani. Hata hivyo biashara hiyo haikufa. Na marhamu za steroidi nazo zimeshika njia ile ile: hulainisha uso kwa siku chache, kisha huzaa chunusi zake zenyewe.

Dawa ya kweli ilikuwa ikitafutwa wakati huo huo Marekani, na historia yake nayo si safi. Mwaka 1969 Albert Kligman na wenzake waliandika kwamba asidi itokanayo na vitamini A, iitwayo tretinoini, hufungua vile vizibo. Daktari huyo ndiye aliyefanya majaribio mengi ya ngozi juu ya wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, tangu mwaka 1951 hata 1974. Wengi wao walikuwa watu weusi, wakilipwa fedha kidogo. Mji wa Philadelphia uliomba radhi mwaka 2022. Dawa inafaa; jinsi ujuzi ulivyopatikana ni jambo lingine, wala sioni sababu ya kulificha.

Leo tabibu humpa mwenye chunusi za kawaida tretinoini au ndugu yake adapalini, apake usiku, pamoja na benzoili peroksaidi iuayo vijidudu (nayo hupausha nguo, basi jihadhari na shati lako la shule). Kwa chunusi kali sana ipo isotretinoini ya kumeza, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1982, ambayo mwanamke mjamzito haruhusiwi kabisa kuitumia, maana hudhuru mtoto tumboni. Dawa za kupaka huchukua wiki nane hata kumi na mbili kuonyesha kazi yake, na hapo mwanzo ngozi huweza kukauka na kuwasha. Muuza marhamu haramu huahidi siku saba. Hiyo ndiyo nguvu yake yote.

Kutoka Kambu, ukipita Voi na Taveta, utafika Moshi, Tanzania. Huko, katika hospitali ya KCMC, pana chuo kilichoanzishwa mwaka 1992, ambamo matabibu wa nchi nyingi za Afrika husomea magonjwa ya ngozi, kisha hurejea kutibu watu wa kwao.