Wino Unaometa na Asili Yake

Katika maduka ya vifaa vya kuandikia yaliyoko Soweto, jijini Mbeya, hasa mwezi wa Januari wazazi wanapowatayarisha watoto wao kwa shule, peni za biki hununuliwa kwa mafungu pamoja na madaftari, na aghalabu mnunuzi haulizi neno juu ya wino uliomo ndani yake. Kwani kwa watu wa zama zetu wino umekuwa kitu cha kutumiwa na kutupwa, nao umepotewa na ile hadhi uliyokuwa nayo ulipokuwa ukitengenezwa kwa mkono, ukachujwa na kuhifadhiwa kidauni. Hata hivyo, tangu miaka kumi na kitu iliyopita, wapenzi wa kalamu za kujazwa wino katika nchi mbalimbali wameushika kwa shauku wino wa namna ya pekee, ambao ndani ya rangi yake mna chembe zing'aazo mfano wa dhahabu au fedha. Adhaniye kwamba huu ni upuuzi wa siku hizi na asikilize tarehe yake, maana ni ndefu, na sehemu yake yagusa ardhi yetu wenyewe.

Tangu kale wanadamu wamependa kuyavika nuru maneno wanayoyaheshimu. Mafundi wa khatti katika nchi za Kiislamu walisaga majani ya dhahabu, wakayachanganya na gundi, wakaandikia misahafu. Na msahafu mashuhuri wa karatasi za ngozi zilizotiwa rangi ya buluu, ulioandikwa kwa dhahabu yapata karne ya 9 au ya 10, ungali na kurasa zake nyingi nchini Tunisia. Katika pwani yetu, waandishi wa Siyu, kisiwani Pate, walisifika kwa misahafu iliyonakshiwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na katika wino mweusi wa desturi, masizi yalishikanishwa kwa gundi ya mti. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka aliyeitawala Siyu hiyo, alipotunga utendi wake mwaka 1858, miongoni mwa mambo ya awali aliyomtaka binti yake ni kuja na wino na karatasi. Na hapo twaona jinsi vyombo vya kuandikia vilivyokuwa mlango wa kuingilia katika nasaha nzito.

Kumeta kwa maandishi kulikuja pia kwa njia ambayo wengi hawakuikusudia. Kabla ya karatasi ya kukaushia wino kuenea katika karne ya 19, waandishi walinyunyiza mchanga laini juu ya barua mbichi, na mchanga ule ulipokuwa na ulanga ndani yake, chembe zake ziliganda katika wino. Ndiyo sababu nyaraka za kale zinapofunuliwa leo katika maktaba za Ulaya, baadhi ya mistari yake hung'aa bado.

Ama katika Nyanda za Juu za Kusini, kalamu ilifuatana na shule: wamisheni wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na serikali ya Kiingereza ikafungua shule ya Malangali, katika Iringa, mwaka 1928. Zama hizo mwanafunzi alichovya nibu kidauni, akajifunza kuandika taratibu asije akachafua ukurasa. Kisha László Bíró akapata hataza ya kalamu yake ya kijipira mwaka 1938, na kalamu za jinsi hiyo, zilizokuwa rahisi na zisizovuja, zikakiondoa kidau mezani.

Wino wenyewe ulirejea kwa fahari mwaka 2010, kampuni ya J. Herbin ya Ufaransa, inayohesabu asili yake tangu 1670, ilipotoa wino mwekundu wa kuadhimisha miaka 340. Na mwaka 2015 ikatoa wino wa kijani-buluu wenye chembe za dhahabu, uitwao Emerald of Chivor, ambao uliwavutia watu wengi. Mwaka huohuo kampuni ya Diamine ya Uingereza, iliyoanzishwa 1864, ikaleta wino zake zinazometa. Sisi tunaoishi jirani na Chunya, ambako dhahabu ya Lupa iliukuza mji wa Mbeya tangu miaka ya 1920, twaweza kudhani kwamba ndani ya chupa zile mna dhahabu halisi. La; chembe za namna hii kwa kawaida ni vipande vidogo mno vya ulanga vilivyofunikwa kwa utando mwembamba wa madini ya titani au ya chuma, na mwanga hugawanyika unapoupiga utando huo, rangi ikabadilika kwa kadiri ya unene wake. Na ulanga si mgeni kwetu: katika milima ya Uluguru ulichimbwa tangu enzi za Wadachi, ukasafirishwa ng'ambo.

Anayetaka kuutumia wino huu sharti awe na subira. Chupa ikikaa kimya, chembe hutuama chini kama tope la dhahabu, na juu husalia rangi tupu. Basi huigeuza polepole hadi zipande na kuenea, ndipo aijaze kalamu, na heri iwe yenye nibu pana, kwa kuwa nibu nyembamba huzuia chembe zisipite. Karatasi nyepesi ya daftari huunywa wino na kuufifisha, ilhali karatasi ngumu, laini, huuacha ukae juu: hapo ukiuinamisha ukurasa dirishani, mstari uliodhaniwa kuwa wa buluu tu huwaka dhahabu kutoka herufi hata herufi. Kazi ikiisha, kalamu huoshwa kwa maji mara moja, kwani chembe zikikaukia ndani huiziba.

Wino huu haufai kila mahali. Baraza la Mitihani la Taifa huamuru majibu yaandikwe kwa wino wa buluu au mweusi, na vitabu vya hesabu navyo vyataka wino usio na mapambo. Lakini kwa waraka wa posa, kwa shairi la kumpongeza bibi arusi, kwa barua ya mtoto kumshukuru mwalimu wake, nauona ni wenye kustahiki kabisa, kwa sababu unamlazimu mwandishi kufanya polepole lile ambalo biki humruhusu kulifanya kwa haraka. Walimu wetu wa Mbeya na Iringa wakiwapa wanafunzi wao, japo mara moja kwa mwaka, kalamu ya kujazwa wino na waraka mmoja wa kuandikwa kwa taadhima, watakuwa wamewafunza kwamba neno linalostahili kutunzwa hustahili kwanza kuandikwa vyema.